Akiba Chini ya Udongo: Kazi ya Tulipu Huanza Ua Likisha Kunyauka

Akiba haiozi, walisema wahenga. Maneno hayo husemwa sana juu ya fedha na nafaka, lakini leo, ndugu msomaji, tunataka kuyapima kwa ua. Ua lenyewe ni tulipu, ua la nchi za baridi lenye umbo la kikombe. Wengi wetu hapa Uganda tumelijua kwa picha tu, na ni maafande wachache waliopelekwa masomoni ng'ambo waliobahatika kuliona likiwa shambani.

Mtu anayeiona tulipu huko Uholanzi katika mwezi wa Aprili hudhani ameona kazi yote. Kwa kweli ameona majuma mawili tu, au yakizidi sana matatu. Siku nyingine zote za mwaka mmea huo haupendezi macho: ama una majani yanayonyauka, ama umelala chini ya udongo, ama umo ghalani ndani ya sanduku la mbao. Na hizo ndizo siku zinazoamua kama mwakani kutakuwa na ua au hapana.

Askari atalielewa jambo hili upesi. Raia huliona gwaride la sikukuu kwa muda wa saa mbili. Haoni miezi ya mazoezi, wala stoo iliyopangwa sawasawa, wala usiku wa kupiga pasi na kung'arisha buti. Makala haya yanahusu ile sehemu ya maisha ya tulipu ambayo hakuna mtu anayesimama kuipiga picha.

GHALA NDANI YA GANDA

Asili ya tulipu si Uholanzi. Ni milima ya Asia ya Kati, kama vile Tian Shan na Pamir, ambako majira ya baridi ni makali, maji ya theluji iyeyukayo hupatikana kwa muda mfupi, kisha hufuata kiangazi kikavu chenye jua kali. Mmea uishio mahali kama hapo hauna budi kufanya kazi yake upesi, kuweka akiba, na kujificha chini ya ardhi mpaka hatari ipite. Waturuki waliupenda mno, hata sehemu ya historia ya dola lao, tangu 1718 mpaka 1730, huitwa Enzi ya Tulipu. Huko Uholanzi, mtaalamu wa mimea aitwaye Carolus Clusius aliipanda katika bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1593, na mwaka uliofuata ikachanua.

Tulipu haipandwi kwa mbegu, ila na wataalamu wanaotafuta aina mpya. Hupandwa kwa tunguu, ambalo kwa sura lafanana sana na kitunguu cha mboga. Ukikata kitunguu cha jikoni katikati utaona matabaka manene yaliyofunikana, na chini yake kitako kigumu kinachotoa mizizi. Tunguu la tulipu limejengwa vivyo hivyo. Matabaka yale ni ghala la chakula cha mmea, nalo ganda la rangi ya kahawia linaloyafunika ni paa la ghala hilo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba tunguu lililopandwa halirudi tena. Mmea hulitumia lote katika kutoa mizizi, majani, bua na ua, hata likabaki ganda tupu. Lakini kabla ya kuisha huwa limekwisha kuzaa matunguu mapya katikati ya matabaka yake, moja kubwa na mengine madogo. Kwa hiyo mkulima anayechimba tulipu zake mwezi wa Juni hachimbi tunguu lile alilolipanda mwezi wa Novemba. Anachimba watoto wake. Na watoto hao watakuwa wanene au wembamba kwa kadiri walivyolishwa katika majuma yanayofuata kunyauka kwa ua.

BAADA YA UA KUNYAUKA

Jambo la kwanza ni kukata kichwa cha ua mara petali zinapoanza kuanguka. Kikiachwa, mmea huanza kutengeneza mbegu, na chakula ambacho kingeshuka tunguuni hupanda juu. Mbegu hiyo haina faida kwa mwenye bustani, maana mche utokao katika mbegu huchukua miaka mitano hata saba kabla ya kuchanua. Katika mashamba ya Uholanzi mgeni hushtuka anapoona mashine ikipita kati ya mistari na kukata mamilioni ya maua yangali mazuri. Hujiuliza kama wenye shamba wamerukwa na akili. Lakini shamba lile halilimi maua. Linalima matunguu, na ua likisha kukaguliwa kama ni la aina yake na halina ugonjwa, kazi yake imekwisha.

Jambo la pili, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kuyaacha majani. Kata kichwa tu. Bua na majani yabaki kama yalivyo. Jani la kijani ndilo mpishi. Hutwaa mwanga wa jua, hewa na maji, na kupika chakula kinachoshushwa tunguuni. Kazi hiyo huchukua kama majuma sita, nayo inapokaribia mwisho jani huanza kugeuka njano kwa sababu limetoa karibu kila kitu lilichokuwa nacho.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema. Majani yanayonyauka hayapendezi. Tuseme kuna ukaguzi wa kambi siku ya Jumatatu, na mbele ya ofisi kuna kitalu cha maua yaliyokwisha, majani yamelala ovyo. Msimamizi mpenda usafi ataamuru yafyekwe, na Jumatatu kitalu kitang'aa. Mwaka unaofuata yatatoka majani membamba bila ua hata moja, na msimamizi atamlaumu aliyeuza matunguu. Lawama si ya muuzaji. Aliyefyeka majani mabichi aliwafukuza wapishi kabla chakula hakijaiva.

Wengine, wakitaka unadhifu bila kukata, huyafunga majani mafundo au kuyakunja na kuyabana kwa mpira. Hilo nalo halifai, kwa kuwa jani lililokunjwa halipati mwanga. Afadhali kupanda mbele yake mimea mingine mifupi itakayoyaficha. Katika muda huo tulipu ipewe maji ya kiasi na mbolea kidogo, kisha maji yapunguzwe majani yanapogeuka rangi.

KUNG'OA, KUKAUSHA NA KUCHAMBUA

Majani yakisha kuwa njano kwa sehemu kubwa, wakati wa kung'oa umefika. Huko Uholanzi ni mwezi wa Juni na Julai. Mwenye bustani ndogo hutumia uma wa kulimia, akiuingiza mbali kidogo na mmea ili asilitoboe tunguu, kwa sababu kidonda ni mlango wa kuoza. Matunguu hukung'utwa udongo na kutandazwa mahali penye kivuli na upepo. Hayaanikwi juani, kwani jua kali hulipika tunguu lililotoka ardhini.

Yakisha kukauka, maganda makuukuu na mizizi mikavu huondolewa, na matunguu yaliyoshikamana huachanishwa kwa mkono. Yale yasiyoachana kwa urahisi yasilazimishwe. Kisha huja uchambuzi. Waholanzi hulipima tunguu kwa mzingo wake: lenye sentimita 12 na zaidi ni la daraja la juu na hutarajiwa kutoa ua zuri. Madogo hayatupwi; hupandwa tena peke yao, yakue mwaka mmoja au miwili kabla ya kutegemewa.

Lililo laini kwa kidole, lenye ukungu, au linalonuka uchachu, halina msamaha. Litolewe mara moja na kuchomwa. Ugonjwa wa kuvu uitwao Fusarium huanza katika tunguu moja na kuenea sanduku zima. Tena tunguu lililoshikwa na ugonjwa huo hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huweza kukiua kichipukizi cha ua ndani ya matunguu mazima yaliyo karibu. Hewa hiyo ndiyo itolewayo na matunda yanayoiva. Mama yeyote wa kwetu aliyefunika ndizi mbichi pamoja na moja iliyoiva ameiona kazi yake, ingawa hajui jina lake. Kwa hiyo matunguu ya tulipu hayawekwi chumba kimoja na ndizi wala matofaa.

Kuna maradhi mengine ambayo zamani yalihesabiwa kuwa uzuri. Katika karne ya 17 Waholanzi walizigombea tulipu zenye mistari ya rangi mbili kama miali ya moto, na bei zikapanda mpaka tunguu moja la aina adimu likathaminiwa kama nyumba. Februari 1637 soko lilianguka ghafula na wengi wakabaki na karatasi mkononi. Mwaka 1928 ndipo mtaalamu wa Uingereza, Dorothy Cayley, alipoonyesha kwamba mistari ile ilitokana na ugonjwa unaoweza kuambukizwa. Leo yajulikana kuwa ni virusi, navyo huchukuliwa na vidukari. Mama huwarithisha watoto, na kila kizazi hudhoofika kuliko kilichotangulia. Siku hizi mkulima akiuona mstari huo katika shamba la rangi moja huung'oa mmea, akaondoka nao.

Matunguu yaliyo mazima huwekwa katika mifuko ya wavu au masanduku ya mbao, mahali pakavu penye hewa. Mfuko wa plastiki haufai, kwa kuwa hushika unyevu. Wala usidhani tunguu lililolala halina kazi. Katika miezi hiyo ya kiangazi, ndani ya giza lake, majani na ua la mwakani huanza kuumbika. Ukilikata mwanzoni mwa Septemba na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, utaliona ua dogo limekwisha kukamilika.

TULIPU YA CHUNGUNI

Tulipu nyingi siku hizi huuzwa zikiwa katika vyungu, zimechanushwa kabla ya wakati kwa kupewa baridi ya bandia kisha joto. Tulipu ya namna hiyo imechoka, na mwenye kuitarajia ichanue tena chunguni mwaka unaofuata mara nyingi hupata majani tu. Hata hivyo haifai kuitupa. Ikatwe kichwa, iwekwe penye jua, ipewe maji na mbolea hafifu mpaka majani yanyauke yenyewe. Kisha matunguu yatolewe, yakaushwe na kuhifadhiwa kama tulivyoeleza.

Yanapofika majira ya kupukutika kwa majani, mwezi wa Oktoba au Novemba, matunguu hupandwa upya. Kama yapo mahali bustanini, huko ni bora kuliko chungu, kwa maana tunguu lililochoka hupata nafasi ya kujinenepesha. Kama ni chunguni, udongo uwe mpya. Udongo wa mwaka uliopita huweza kuwa na vijidudu vya kuvu, na hasa ule ugonjwa unaoyababua majani kama yaliyounguzwa na moto. Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga ili maji yasituame. Tunguu likae kitako chini na ncha juu, kwa kina cha mara mbili hata tatu ya urefu wake. Chunguni yanaweza kukaribiana, mradi yasigusane.

KWA NINI BARIDI

Baada ya kupandwa, tulipu yahitaji baridi ya majuma 12 mpaka 16, chini ya nyuzi 9 hivi za sentigredi. Katika baridi hiyo mizizi huenea, na wanga uliomo tunguuni hugeuka kuwa sukari ya kurefushia bua. Tunguu lisilopata baridi ya kutosha hutoa ua fupi lililokwama karibu na udongo, au halitoi kabisa.

Hii ndiyo sababu tulipu haikai katika bustani zetu. Hata Kabale, pamoja na ukungu wake wa alfajiri na makoti yake mazito, hakuna majuma kumi na mawili ya baridi hiyo mfululizo. Anayetaka kuijaribu hapa hana budi kuliweka tunguu ndani ya friji kwa miezi mitatu, mbali na matunda, kisha alipande. Na likisha kuchanua, asitegemee kwamba litamrudia.

MWAKA AMBAO AKIBA ILILIWA

Tumesema kwamba tunguu ni ghala. Ulikuwapo mwaka ambao watu walilifungua ghala hilo kwa njaa. Mwezi wa Septemba 1944, katika Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma kwa wito wa serikali yao iliyokuwa uhamishoni London, ili kuyazuia majeshi ya Ujerumani. Wajerumani wakajibu kwa kufunga njia za chakula kwenda magharibi mwa nchi, yaliko majiji ya Amsterdam, Rotterdam na The Hague. Marufuku yalipolegezwa, mifereji ya maji ikaganda barafu na mashua hazikupita. Mwanzoni mwa 1945 posho ya mtu mmoja wa mjini ilishuka hata chini ya kalori 600 kwa siku, wakati mtu mzima anayefanya kazi huhitaji zaidi ya 2,000. Watu zaidi ya 20,000 walikufa katika majira hayo, ambayo Waholanzi huyaita Baridi ya Njaa.

Ghalani mwa wakulima yalikuwamo matunguu ya tulipu ambayo kwa sababu ya vita hayakupandwa. Yakauzwa kama chakula. Wananchi walielekezwa kulipasua kila tunguu na kukitoa kile kichipukizi cha manjano cha katikati, maana kina sumu, kisha kuyachemsha yaliyobaki, kuyaponda kuwa uji, au kuyakausha na kuyasaga unga wa mkate. Waliokula hawakusifu ladha yake, lakini wengi waliokuwa watoto siku zile waliishi kwa sababu yake. Ni lazima tuonye hapa kwamba tulipu si mboga, na matunguu ya maua mengine, kama narsisi, ni sumu. Yaliliwa kwa kukosa kingine.

Tangu tarehe 29 Aprili 1945 ndege za Washirika zilianza kudondosha chakula. Tarehe 5 Mei majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Uholanzi yalikubali kujisalimisha mbele ya Jenerali Charles Foulkes wa Kanada. Jeshi la Kwanza la Kanada ndilo lililobeba mzigo mkubwa wa kuikomboa nchi ile, na askari wa Kanada zaidi ya 7,600 walilala huko.

ZAWADI INAYOTAKA KUTUNZWA

Katika miaka ya vita, binti mfalme Juliana wa Uholanzi alikuwa amepewa hifadhi katika mji wa Ottawa, makao makuu ya Kanada, pamoja na watoto wake. Huko ndiko alikozaliwa binti yake Margriet, tarehe 19 Januari 1943. Ili mtoto asizaliwe raia wa nchi ya kigeni, serikali ya Kanada ilitangaza kwamba vyumba vya uzazi alimozaliwa havihesabiwi kuwa sehemu ya nchi yoyote kwa wakati huo.

Amani iliporudi, Uholanzi iliyokuwa imekonda kwa njaa iliipelekea Ottawa matunguu 100,000 ya tulipu mwaka huo huo wa 1945. Fikiri, ndugu msomaji, maana ya zawadi ile. Miezi michache kabla yake watu walikuwa wakiyachemsha matunguu hayo hayo sufuriani. Yaliyosalia yalikuwa mbegu ya shamba la kesho, na bado walitoa. Mwaka 1946 Juliana aliongeza 20,500, na desturi ya kupeleka matunguu 20,000 kila mwaka ikaendelea. Tangu 1953 Ottawa imekuwa na tamasha la tulipu, na siku hizi yapata milioni moja huchanua huko katika mwezi wa Mei.

Walioitoa zawadi hiyo walikuwa wakulima, walijua walichokitoa. Tunguu haliwi ukumbusho mpaka mtu alipande kabla theluji haijaanguka, na mwaka unaofuata afanye hivyo tena. Sanamu ya shaba inaweza kusahauliwa miaka kumi na ikawapo. Kitalu cha tulipu kikisahauliwa mwaka mmoja, kimekwisha.

KWA BUSTANI ZA KWETU

Ingawa tulipu si ya hapa, kanuni yake ni ya hapa. Tunalo ua jekundu la mviringo kama mpira, liitwalo na wataalamu Scadoxus, ambalo huchomoza ardhini mvua zinapoanza. Tunayo gladiola, ambayo wengi wameipanda mbele ya nyumba na ofisi. Yote mawili huweka akiba chini ya udongo, na yote mawili hufa polepole yakikatwa majani mabichi mara baada ya kuchanua.

Basi yule aliyepewa zamu ya kutunza bustani ya kituo au kambi ayashike mambo haya: kata kichwa kilichonyauka, acha majani mpaka yawe njano, mwagilia kwa kiasi, na pale utakapong'oa, kausha kivulini na utupe kilichooza. Na ukaguzi ukija wakati majani yamelala, na afande akauliza kwa nini kitalu hakikufyekwa, ajibiwe kwa adabu kwamba majani hayo yangali kazini, na kwamba yataondolewa kazi yao itakapokwisha.